Hati kwa jina la nani? Njia za kuandikisha umiliki wa nyumba Dar es Salaam zikilinganishwa

Mnunuzi wa kiwanja Goba, Chanika au Kibada huuliza kwanza, "Kina hati?" Akijibiwa ndiyo, na upekuzi wa daftari la Msajili wa Hati ukathibitisha, roho inatulia. Swali la pili, jina liandikwe vipi, huachwa mpaka dakika ya mwisho mezani kwa wakili, na mara nyingi huulizwa aliyeshika hela: "Tuandike jina lako?" Anaitika, basi, kazi inaendelea. Mstari huo mmoja ndio utakaoamua nani lazima asaini nyumba ikiuzwa, benki itamtaka nani mkopo ukiombwa, na mwenye jina akifariki, kama waliobaki wataenda kwa Msajili wa Hati na cheti cha kifo tu au wataanzia mahakamani. Kuuandika vizuri tangu mwanzo hakuongezi gharama yoyote ya maana. Kuubadilisha baadaye kuna gharama, na wakati mwingine haiwezekani tena kwa sababu aliyetakiwa kusaini hayupo.

Kwanza, karatasi yenyewe

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi anamiliki haki ya kuitumia kwa muda, chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999. Hati miliki ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote: hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na imo kwenye daftari la Msajili. Ofa, yaani barua ya toleo, ni hatua ya kuelekea kwenye hati. Jina lililo kwenye ofa ndilo litakaloingia kwenye hati, kwa hiyo kama mnataka majina mawili, mahali rahisi pa kuyaweka ni hapo. Leseni ya makazi ni ya maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, kama Manzese, Tandale na Buguruni. Muda wake ni mfupi, miaka mitano, na huhuishwa. Mkataba wa mauziano wenye muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba ulinunua, lakini mwenyekiti wa mtaa hana daftari la umiliki.

Wanaonunua kwa mkataba wa mtaa hudhani suala la majina si lao, litawahusu siku wakipata hati. Linawahusu leo. Urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, ukifika mtaani, mpimaji na afisa ardhi huanzia kwenye mkataba huo huo. Kama fedha ni za mume na mke, wote wawili waandikwe "wanunuzi" na wote wasaini. Na jina lililo kwenye mita ya umeme halihesabiki: kodi ya jengo kukatwa kupitia LUKU kunaonyesha kwamba kodi imelipwa, hakusemi nyumba ni ya nani.

Jina la mtu mmoja

Hii ndiyo njia ya haraka. Saini ni moja, fomu ni chache, na mkopo huenda mbio. Kwa mtu asiye na mwenza, aliyenunua kwa fedha zake mwenyewe, inafaa kabisa.

Kwa mwenye ndoa, usiidhanie kuwa ni uhuru kamili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwenye jina kuuza, kuweka rehani au kugawa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria ya Ardhi nayo inamtaka mnunuzi, na benki pia, waulize kama mwenza ameridhia. Ndiyo maana mawakili hudai ridhaa ya mwenza iliyosainiwa, au kiapo kwamba muuzaji hana mwenza. Kiapo hicho peke yake kisikutoshe. Ukiwa mnunuzi, nenda kwa majirani na mjumbe, uliza nani anaishi pale na kwa muda gani. Muuzaji aliyeapa kuwa hajaoa huku mkewe anapika uani atakuingiza kwenye kesi wewe, na baraza la ardhi na nyumba linaweza kulifuta ununuzi wako.

Upande wa pili, mwenza ambaye hakuandikwa ana haki, lakini anabeba mzigo wa kuithibitisha. Sheria ya Ndoa inaanza na dhana kwamba mali iliyo kwa jina la mmoja ni yake peke yake. Anayepinga ndiye wa kuthibitisha. Mahakama ya Rufani iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, na tangu hapo wanawake wengi wamepata sehemu yao. Lakini wamepata baada ya kukaa mahakamani, wakiitafuta risiti ya saruji ya miaka kumi na mitano iliyopita.

Kuna namna nyingine ya jina moja ambayo jijini imezoeleka na ni ya hatari zaidi: kumwandikia ndugu. Kijana yuko nje ya nchi, anatuma fedha, mama anasaini kila kitu, na kiwanja cha Mbweni kinasomeka kwa jina la mama. Nia ni njema kwa wote. Mama akifariki, daftari linasema kiwanja ni cha marehemu, na watoto wake wote ni warithi sawasawa na yule aliyetuma fedha. Kama hamna budi kutumia jina la ndugu, andikeni siku ile ile, mbele ya wakili, tamko kwamba ndugu anashika mali kwa niaba ya mwenye fedha, na ushahidi wa kila fedha iliyotumwa uhifadhiwe. Njia bora ni mamlaka ya uwakilishi: mama asaini kama wakala, jina la mmiliki liwe la kijana mwenyewe.

Majina mawili: kwa pamoja, au kwa mafungu

Watu wakisema "tumeandika majina yote mawili" huamini wamemaliza. Bado. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 159, inatambua aina mbili za umiliki wa zaidi ya mmoja, na tofauti yake ni kubwa.

Umiliki wa pamoja hauna mafungu. Wote wawili wana nyumba nzima. Hakuna anayeweza kuuza, kupangisha kwa mkataba mrefu au kuweka rehani bila saini ya mwenzake. Mmoja akifariki, haki yake inahamia kwa aliyebaki moja kwa moja, haipiti kwenye mirathi, na wosia hauwezi kuigusa. Aliyebaki anapeleka kwa Msajili wa Hati cheti cha kifo na hati halisi, jina la marehemu linaondolewa.

Umiliki wa mafungu humpa kila mmoja sehemu yake: nusu kwa nusu, au 70 kwa 30, kama mlivyokubaliana. Sehemu hiyo haijachorwa ardhini; ni fungu katika kitu kizima. Mmoja akifariki, fungu lake linaingia kwenye mirathi. Anaweza kuliandikia wosia. Akitaka kuliuza kwa mtu wa nje, anahitaji ridhaa ya maandishi ya wenzake, ingawa nao hawaruhusiwi kumnyima bila sababu ya msingi.

Kwenye fomu na hati zilizoandikwa kwa Kiingereza, aina ya kwanza husomeka "joint occupiers" na ya pili "occupiers in common". Tafuta maneno hayo kwa macho yako. Yasipokuwepo na wamiliki ni wanandoa, sheria kupitia kifungu cha 161 inadhani ni mafungu, na kwenye ndoa ya wake wengi dhana hiyo inawahusu wake wote. Ni kinga nzuri, lakini dhana inaweza kupingwa mahakamani, na wachache hupenda kumaliza uzeeni wakibishana kuhusu dhana.

Tuchukue nyumba moja Mbagala yenye thamani ya Sh milioni 120, mume amefariki, ameacha mke mmoja na watoto, mirathi inafuata sheria ya Kiislamu. Hati ikiwa kwa jina la mume peke yake, milioni 120 zote zinaingia kwenye mirathi na mke anapata thumni, yaani sehemu moja ya nane: milioni 15, labda athibitishe kwanza mchango wake. Hati ikiwa ya mafungu nusu kwa nusu, milioni 60 ni zake tangu hapo. Nusu ya mume inagawiwa, thumni yake ni milioni 7.5, jumla anabaki na milioni 67.5 na zilizosalia, milioni 52.5, ni za warithi wengine. Hati ikiwa ya pamoja, nyumba nzima ni yake.

Kwa familia ambayo mirathi yake inafuata Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika Tanzania Bara kwa Wakristo wengi, mjane mwenye watoto hupata theluthi. Nyumba ile ile inampa milioni 40 kama jina lilikuwa la mume pekee, milioni 80 kama mlikuwa nusu kwa nusu, na yote kama ilikuwa ya pamoja.

Hapo ndipo kwenye uzito. Umiliki wa pamoja unamlinda mjane, au mgane, kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu shemeji hawana pa kuingilia. Lakini mume mwenye watoto wa ndoa ya kwanza, akichagua umiliki wa pamoja na mke wa pili, ajue kwamba watoto wale hawatapata tofali hata moja la nyumba hiyo. Na kwa Mwislamu, warithi waliopangiwa mafungu na Qurani wataona nyumba imepita pembeni yao. Muulize sheikh wako kabla ya kusaini, si baada, maana lawama za baadaye zinawapata waliobaki hai. Kwa familia zenye watoto wa mama tofauti tunapendekeza mafungu, na kwa mume na mke wenye watoto wao wenyewe tu tunapendekeza pamoja.

Ndoa ikivunjika, aina zote mbili zinamsaidia aliye na mapato madogo. Mali iliyo kwa majina ya wote wawili, dhana ya sheria ni kwamba wanastahili sawa. Anayetaka zaidi ndiye anayethibitisha. Mzigo umehama begani.

Ndugu na marafiki wanaochanga

Kaka watatu wananunua ekari mbili Kigamboni, au marafiki wanne wanajenga nyumba za kupanga Kimara. Hapa ni mafungu tu, kamwe si pamoja: katika umiliki wa pamoja, rafiki wa mwisho kuishi angebaki na kila kitu na watoto wa wenzake wakatoka mikono mitupu.

Hati ya mafungu haitoshi peke yake kwa sababu haisemi mambo ya kila siku. Kodi ya pango la ardhi inalipwa na nani? Anayeshindwa kuchangia ujenzi, fungu lake linapungua? Anayetaka kutoka, wenzake wana miezi mingapi ya kumnunua, na bei itapangwa na mthamini gani? Yaandikwe kwenye makubaliano ya pembeni, yasainiwe mbele ya wakili, nakala kwa kila mmoja. Kinachoharibu ubia mwingi ni mmoja kujenga upande wa barabarani na kuuita wake. Kisheria, kona ile ni ya wote kwa mafungu yao. Kama kila mtu anataka kipande chake, gawanyeni kiwanja rasmi: mpimaji aliyesajiliwa, kibali cha mipango miji cha manispaa, ramani mpya, na hati ya kila mmoja. Kiwanja kikiwa kidogo kuliko kiwango cha eneo hilo, kibali hakitatoka, na hilo liulizwe kabla ya kununua.

Watoto wadogo nao huongezwa kwenye hati kwa mapenzi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kusaini mkataba, na hivyo nyumba haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani kwa urahisi hata kama ni ada yake ya shule inayotafutwa. Wosia unafanya kazi hiyo bila kuifunga nyumba.

Kampuni

Nyumba ikiwa ya kampuni, kifo cha mwanahisa hakiigusi hati. Hisa ndizo zinazorithiwa. Kwa jengo la biashara Kariakoo lenye wenye mali sita, hilo ni jambo la thamani: uuzaji na mikopo vinapitishwa kwa azimio la bodi, badala ya kuwatafuta warithi Muscat na Mwanza.

Gharama yake haikomi. Kila mwaka kuna ritani, yaani taarifa za kampuni zinazopelekwa BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, hesabu za kampuni, na kodi ya mapato ya asilimia 30 ya faida. Ukiacha kuwasilisha ritani, faini hujilimbikiza na kampuni inaweza kufutwa kwenye daftari huku ikiwa ndiyo mmiliki wa nyumba unayolala. Wanahisa wengi wakiwa si raia, kampuni yenyewe huhesabiwa kuwa si raia, na mtu asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mkimpa mgeni hisa nyingi kwa kutafuta mtaji, mnaweza kuigusa hati bila kujua.

Jambo lisilosemwa vya kutosha: nyumba ya familia iliyowekwa kwenye kampuni humtoa mwenza kwenye kinga yake. Mmiliki ni kampuni, na kampuni haina mke. Kwa makazi ya familia hatuipendekezi.

Misikiti, makanisa, vyama vya kijamii na koo zenye mali ya pamoja hutumia bodi ya wadhamini iliyosajiliwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, yaani mkuu wa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Mali inabaki kwa jina la bodi hata viongozi wakibadilika. Kiwanja cha msikiti kilicho kwa jina la imamu au mfadhili kihamishiwe kwa bodi mapema, wakati mwenye jina yupo na anaweza kusaini.

Ghorofa

Anayenunua nyumba ndani ya jengo Upanga au Kariakoo anashika hati ya sehemu ya jengo, chini ya sheria ya mwaka 2008. Ndani ya hati hiyo kuna vitu viwili: sehemu yako, na fungu lako katika ngazi, lifti, paa, maegesho na kiwanja. Majina yanaandikwa vile vile, pamoja au kwa mafungu.

Kabla ya kulipa, angalia kama jengo limeshasajiliwa kwa sehemu. Mjenzi anayesema "hati za sehemu zinashughulikiwa" bado ana hati moja ya kiwanja kizima, na mara nyingi hati hiyo imewekwa rehani benki ili kupata fedha za ujenzi. Wewe utakuwa na mkataba tu. Benki ikiuza, inauza na sakafu unayotembelea. Dai barua ya benki kwamba itaiachia sehemu yako ukimaliza kulipa. Uliza pia miaka iliyobaki kwenye hati ya kiwanja, na deni la michango ya jengo aliloacha muuzaji.

Ukitaka kubadilisha

Hati iko kwa jina la mume, mnataka iwe ya wote wawili. Huo ni uhamisho kama uhamisho mwingine. Anzeni na upekuzi, muone kama kuna rehani au kaveti, yaani zuio lililowekwa na mtu anayedai haki kwenye nyumba. Lipeni pango la ardhi hadi mwaka huu. Namba ya malipo inatolewa kwenye mfumo wa Wizara ya Ardhi. Mthamini aandae ripoti na iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali. Wakili ajaze fomu Na. 29 ya taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya maombi ya kibali na Na. 35 ya uhamisho wenyewe: anayehamisha ni mume, wanaopokea ni mume na mke, na aina ya umiliki itajwe waziwazi. Ambatanisheni picha, vitambulisho vya NIDA, namba za mlipa kodi na hati halisi. TRA, Mamlaka ya Mapato, hukadiria kodi ya faida inayotokana na kuhamisha mali (si VAT), ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na hata mkiandika kuwa ni zawadi wanaangalia thamani ya mthamini. Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1. Baada ya hapo ndipo Msajili anasajili.

Kinachokwamisha wengi ni majina. Hati inasoma Asha Juma Mohamed, NIDA inasoma Asha Juma Mohammed, cheti cha ndoa kina Asha Juma tu. Dirishani hilo linatosha kurudisha faili zima. Zipangeni karatasi zote mezani kabla ya kwenda, linganisheni herufi kwa herufi, na tofauti yoyote iandikiwe kiapo cha majina kabla faili halijafunguliwa. Rasimu ya hati ikitoka, someni mstari wa wamiliki kwa sauti, wote wawili, pamoja na yale maneno ya pamoja au mafungu. Kosa likionekana hapo, rasimu inarudishwa na kuchapwa upya. Likionekana baada ya kusajiliwa, mnaanza na maombi ya marekebisho kwa Msajili.